Nimestaafu, nimerudi kwenye brashi: majani yanatoka hafifu kwenye bafta, na nikichora juu yake naharibu

Mwalimu wa Bwiru

Habari za humu ndani. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Bwiru, Mwanza, upande ule wa mawe ambako hata choo ukitaka kuchimba lazima uelewane na jabali kwanza. Ualimu nilisomea Butimba, upande wa sanaa za ufundi. Tulichora mitumbwi, mawe na akina mama wa dagaa mpaka vidole vinakufa ganzi. Kisha nikapangiwa shule ambayo sanaa haikuwemo hata kwenye ratiba, nikafundisha Jiografia hadi nastaafu. Brashi zangu zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Nilipolishusha nikakuta mende wamekula manyoya, imebaki mipini.

Muda sasa ninao. Mkono ndio hautaki. Nikikaa mbele ya karatasi nyeupe, ninachochora ni lile jiwe la Bismarck pamoja na jua linazama, yaani picha ambayo kila kibanda cha zawadi mjini hapa kinayo. Nachana, nalala.

Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu watu wanaochapa majani kwenye kitambaa: unapanga majani mabichi, unaviringisha, unafunga, unapika kwa mvuke, ukifungua jani limeacha sura yake. Nikasema hii naiweza, maana majani hayanunuliwi. Uani nina mpera na mwembe, mkaratusi uko juu ya kilima, na jirani ana mtiki unaodondosha majani kwangu kila siku.

Nikaenda Makoroboi kununua bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba cha sanda, mita nne. Muuzaji akapima kimya kimya, akakunja, akanipa kwa mikono miwili: “Pole sana mama. Msiba uko wapi?” Nikamwambia hakuna msiba, nataka kuchora. Akamgeukia mwenzake, wakaangaliana.

Ninavyofanya ni hivi. Nalowanisha bafta, napanga majani, naviringisha kwenye kipande cha bomba la chuma alichoacha fundi, nakaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, naweka kwenye sufuria kubwa la ubwabwa lenye maji kidogo chini, nafunika, jiko la mkaa. Majani machanga ya mtiki yametoka vizuri sana, damu ya mzee kabisa, hadi mishipa inaonekana. Lakini mpera unatoka njano chafu, na mkaratusi, ambao kwenye simu niliuona una rangi ya chungwa, kwangu ni kivuli tu. Nikifua na sabuni ya unga, nusu ya kazi inaondoka na povu.

Kwenye karatasi ni afadhali. Niliagiza Dar karatasi nzito ya gramu 300, ikaja na basi. Napanga majani katikati, nabana kwa vigae viwili vilivyobaki sakafuni, nachemsha. Sura inatoka safi. Ila nikija kupaka rangi ya maji juu yake, rangi inazama na kusambaa, siwezi kuvuta hata mstari mmoja ukakaa.

Na hata ingekaa, nichore nini? Hapo ndipo nilipokwama hasa. Jani likishatoka vizuri, kila ninachoongeza kinaonekana kama mtoto kapita na kalamu. Je, kuna mtu humu amechanganya haya mawili, kuchapa na kuchora, yakakubaliana?

---

Batiki Igoma

Shikamoo mwalimu. Mimi nafanya batiki huku Igoma, majani niliyaingia baada ya wateja kuanza kuulizia rangi za asili. Naomba nikujibu la kitambaa, hilo la nichore nini waje wenyewe wachoraji.

Bafta ikitoka dukani imejaa wanga wa kiwandani, ndiyo maana inasimama yenyewe ukiikunja. Rangi yako inakaa juu ya wanga, haijagusa uzi. Ukifua, wanga unaondoka na rangi yake. Kwa hiyo kabla ya jani lolote, chemsha bafta saa nzima na sabuni ya mche uliyoikwangua, pamoja na kijiko kikubwa cha magadi. Maji yakiwa machafu, mwaga, rudia.

Kuhusu mkaratusi usiulaumu mti. Ile rangi ya chungwa uliyoiona kwenye simu ilikuwa kwenye hariri au sufu, nakuhakikishia. Nyuzi zinazotoka kwa mnyama zinashika mkaratusi hata bila dawa. Pamba ni mmea, haishiki hivyo. Kwenye pamba mkaratusi utakupa njano iliyopauka, au kijivu ukiukutanisha na chuma.

Pamba inataka iandaliwe. Chemsha majani ya mpera, mengi, ule ukakasi wake utoke kwenye maji. Chuja, loweka bafta humo usiku kucha. Asubuhi kamua, usisuuze. Kisha shabu, ile ya jiwe wanayouza kwenye maduka ya dawa za asili: gramu 15 hadi 20 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu. Isage, iyeyushe kwenye maji ya moto, loweka tena usiku mwingine. Pima kitambaa kwenye mizani ya muuza duka, usikadirie kwa mkono. Shabu ikizidi kitambaa kinanata.

Halafu kuna kitu ambacho watu wa kwenye simu hawakionyeshi vizuri, kinaitwa blanketi. Chukua misumari yenye kutu, iweke kwenye siki wiki moja, hayo ndiyo maji ya kutu. Changanya kikombe kimoja kwenye ndoo ya maji, chovya kipande cha shuka kuukuu, kamua mpaka kisidondoke. Sasa tandaza bafta yako, panga majani mgongo wake ukiangalia bafta (upande wa chini wenye mishipa ndio unaotoa rangi zaidi kwa majani mengi), funika na lile shuka, halafu weka nailoni juu ili rangi ya mzunguko mmoja isichafue mwingine. Viringisha, kaza hasa. Huo mpira wa tyubu ndio wenyewe, mimi pia ndio ninaotumia. Chuma kikikutana na ukakasi wa mpera kinatoa kijivu hadi nyeusi, na sasa mpera wako utauona mpaka tundu la kiwavi.

Mvuke saa moja na nusu hadi mbili. Usifungue kwa pupa, acha mpaka kesho. Anika kivulini, kaa wiki ndiyo ufue, kwa sabuni ya mche. Sabuni yenye limau weka mbali, inakula hiyo nyeusi.

Mengine ya haraka. Hilo sufuria la ubwabwa usilirudishe jikoni. Chuma kisizidi, kinakula pamba taratibu, baada ya miaka kitambaa kinachanika chenyewe. Manjano na choya vinavutia siku ya kwanza, jua la Mwanza linavimaliza. Na mtu akikwambia uongeze mrututu ili upate kijani, kataa. Ni sumu, unaua samaki, na maji yetu ya uani yanaingia mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani.

---

Sato Mbichi

Mimi sina la kitaalamu, nimekuja kusoma tu. Ila sufuria la ubwabwa limeniuma. Siku mkiwa na shughuli wageni watakula pilau ya damu ya mzee.

Kwa kuwa uko karibu na mwalo: Wajapani wanachapa samaki. Wavuvi wao wa karne ya 19 walikuwa wanampaka samaki wino, wanalaza karatasi juu yake, wanabonyeza kwa vidole, wanabaki na kumbukumbu ya ukubwa wake. Nilijaribu na sato mmoja wa Kirumba, magamba yanatoka moja moja. Mkaushe kwanza ule utelezi kwa chumvi, halafu mfute. Baada ya hapo kama wino wako si wa kuliwa, huyo samaki ni wa paka, na hata paka nisingemshauri.

---

Fundi Mabango Mabatini

Mwalimu, mimi naandika mabango na kupaka maduka, ni miaka sasa. Nitasema kitu ambacho wengine hawatakisema.

Kwanza karatasi. Karatasi ya rangi ya maji kiwandani wanaitia gundi ili rangi ikae juu. Wewe ukiichemsha umeivua ile gundi, ndiyo maana inakunywa. Dawa yake ni kuirudishia. Nunua jelatini ile isiyo na ladha wala rangi, ipo supamaketi, gramu 25 kwenye lita ya maji ya uvuguvugu, paka kwa brashi pana karatasi ikiwa kavu, ianike imelala. Paka na nyuma isije ikajikunja. Kama hutaki kazi hiyo, tumia akriliki, yenyewe haizami.

Pili, na hapa usinikasirikie. Jani ni pambo. Unasema mkono hautaki, halafu unatafuta njia ya kutotumia mkono. Jani linajichapa lenyewe, sufuria linapika, wewe uko wapi? Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 pale Dar alichukua rangi za kupakia baiskeli na vipande vya hadibodi, akachora chui na ndege. Hakungoja karatasi ya gramu 300 ije na basi. Nunua rangi ya mafuta kopo la robo, kipande cha silingibodi, chora hilo jiwe la Bismarck mpaka ulichoke. Ukilichoka ndiyo utaanza kuliona.

---

Mwalimu wa Bwiru

Fundi, asante kwa jelatini, nimeipata na inafanya kazi. Karatasi sasa inashika mstari.

Kwa hilo la pili sikukasirika, ila sikubali. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, nimechora ramani za mito ubaoni maisha yangu yote, na hakuna mto niliouchora ukawa na matawi kama mishipa ya jani moja la mpapai. Benjamin Franklin huko Pennsylvania, miaka ya 1730, alipokuwa anachapisha noti, aliweka chapa ya jani juu yake kwa sababu hiyo hiyo: hakuna mghushi aliyekuwa na mkono wa kuiga ile mishipa. Kwa hiyo sishindani na jani. Nataka kujua nikae naye vipi kwenye karatasi moja.

Mkono hautaki kwa sababu unaiogopa ile nyeupe. Jani likishakuwepo, nyeupe imeondoka. Huko kunanisaidia kuanza. Kumaliza ndiko kunakonishinda.

---

Fundi Mabango Mabatini

Haya mwalimu. Hoja ya noti nimeipokea. Jiwe bado nakudai.

---

Nyegezi Kona

Shikamoo mwalimu, na poleni na malumbano. Nimesoma yote na naona jibu lako liko kwenye maelezo ya dada wa batiki, ila yeye kaliacha kama onyo.

Nilisoma India, Andhra Pradesh. Kuna mji unaitwa Srikalahasti, wana kazi ya kitambaa inaitwa kalamkari. Wanachora hadithi za miungu yao kwenye pamba, na mistari yote myeusi inachorwa kwa chuma. Si wino wa dukani. Wanaloweka vyuma vyenye kutu kwenye maji yenye sukari guru, wiki mbili tatu, inachacha, wanachuja. Kitambaa chenyewe kimeshachovywa kwenye maji ya tunda lenye ukakasi mkali yaliyochanganywa na maziwa ya nyati, kikaanikwa juani. Ukakasi ndio unaoigeuza ile kutu kuwa nyeusi. Maziwa kazi yake ni mafuta: yanazuia mstari usisambae kwenye uzi. Watu wa Mali nao na vitambaa vyao vya tope ni mambo yale yale, kitambaa kinaloweshwa kwenye maji ya majani yenye ukakasi, halafu tope lenye chuma linachora.

Sasa wewe bafta yako imeshalowekwa kwenye mpera, imeshachapwa. Irudishe kwenye maji ya mpera yenye maziwa fresh, yale ya ng’ombe wa Kisukuma yasiyoongezwa maji, ianike. Halafu chora kwa maji ya kutu. Hutakuwa unaongeza rangi ngeni juu ya jani. Ni chuma kile kile na ukakasi ule ule uliolitoa jani, kwa hiyo mstari wako na mshipa wake vinakuwa rangi moja.

Kalamu yao ni kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha. Juu ya ncha kidogo wanaviringisha kitambaa cha sufu kinene wanakifunga kwa uzi. Unachovya, sufu inanyonya, unapochora unaibana kwa vidole na wino unashuka kwenye ncha. Ukibana sana linadondoka tone. Jaribu kwenye kipande cha pembeni kwanza.

Na lile onyo la limau: hiyo ni brashi yako nyingine. Kamulia ndimu kwenye kisosi, chora juu ya sehemu ya kijivu. Asidi inang’oa ile nyeusi, unabaki na mstari mweupe au wa njano hafifu. Ukiona umefika unapotaka, suuza palepale kwa maji mengi. Inafanya kazi kwenye kijivu cha chuma tu, usitegemee kwenye mtiki.

Na kama utaendelea kuokota majani njiani, minyaa iache kwenye ua wake. Utomvu ukiingia jichoni utatafuta hospitali.

---

Mwalimu wa Bwiru

Nimerudi. Sukari guru niliipata, misumari ilikuwa imejaa stoo. Nikafanya kama mlivyosema: bafta imechemshwa na magadi, mpera, shabu, blanketi la kutu. Dada wa Igoma, tundu la kiwavi nimeliona kweli! Jani la mpera limetoka kijivu cha mawe, na ukingoni mwake kuna mstari mweusi mwembamba ambao sikuutarajia.

Halafu kalamu. Mwanzi nilichonga kwa wembe, sufu nilikata kwenye kofia kuukuu ya mjukuu. Nilikaa barazani asubuhi, bafta nimeibana kwenye meza kwa mawe manne. Yale maji ukiyatazama kwenye kikombe si meusi, ni ya kahawia iliyopauka, ukichora kitambaani hauoni kitu cha maana. Unavuta mstari, unaendelea, na nyuma yako ule mstari unaanza kuiva: kijivu, kisha kijivu kizito, kisha nyeusi. Ulichokichora unakiona wakati mkono umeshaondoka. Nimechora mtumbwi unaopita nyuma ya majani mawili ya mpera, na mtu aliyesimama na upondo. Sikuufuta, maana haufutiki, na mkono wala haukupata nafasi ya kuogopa.

Kwa ndimu nilivuta mawimbi chini ya mtumbwi, kwenye jani lililochapika nusu. Hapo nilikawia kusuuza, wimbi la mwisho limekuwa pana kuliko nilivyotaka. Nimeliacha. Ziwa letu halina adabu hiyo ya mawimbi kulingana.

Jioni vile vijidudu vya ziwani vikaja kwa wingi wao, vikatua kwenye maziwa. Vingine vimekaukia humo, nimevitoa kwa sindano, vingine vimenishinda.

Fundi, jiwe lako nalo nimelianza, kwenye karatasi yenye jelatini, jani la mkaratusi likiwa limesimama upande wa kushoto. Silipendi bado.

Swali langu la mwisho kwa Nyegezi: kitambaa kinanuka maziwa yaliyolala, paka wa jirani amehamia kwangu. Harufu inatokaje bila kuondoa mstari? Nilisoma mahali kwamba hao Wahindi wanafulia mtoni kwenye maji yanayotembea. Nishuke nacho ziwani?

---

Nyegezi Kona

Hongera sana mwalimu, tuwekee picha. Ni kweli wanafulia mtoni, kwa sababu maji yanayotembea yanabeba ile kutu ya ziada isiyoshika, isije ikatua sehemu nyeupe. Lakini ziwani usishuke, utatoka na kichocho. Acha mstari ukae siku mbili ushike, halafu tumia beseni pana na bomba likiwa limefunguliwa kidogo, kitambaa kitandazwe, kisikunjwe, mstari usigusane na jirani yake. Sabuni ya mche kidogo mara ya kwanza, maji matupu mara ya pili na ya tatu. Anika kivulini penye upepo. Harufu ikibaki rudia maji ya uvuguvugu, si ya moto, ya moto yanayagandisha maziwa kwenye uzi.

---

Batiki Igoma

Naongezea: maji ya beseni la kwanza usimwagilie mchicha. Yamwage kwenye changarawe mbali na bustani. Na mwalimu, hizo mita nne zikiisha njoo Igoma, nina jora la bafta nililokwisha kulichemsha, nitakukatia kwa bei ya kununulia, pia hakuna atakayekupa pole ya msiba.